Chumvi ya Ma'rib na Dhahabu ya Kahama

Mjadala kuhusu mageuzi ya siasa katika nchi za Kiislamu umezoea kuanzia vitabuni na kuishia humo humo. Huulizwa kama Uislamu unakubaliana na katiba, kama bunge ni sura mpya ya shura, yaani kule kushauriana kulikoamriwa na Kurani, na kama inafaa watu watunge sheria ilhali Mwenyezi Mungu amekwisha kuitunga. Majibu nayo hutolewa kwa kuorodhesha majina ya wanazuoni wa Misri na Uturuki wa karne ya 19, na msomaji hubaki akidhani kwamba mageuzi yalikuwa ugomvi wa waliosoma Ulaya na waliosoma msikitini. Dhana hiyo si ya uongo, ila imeliacha nje jambo lililowatoa watu wa kawaida majumbani mwao. Mara nyingi kilichowafanya Waislamu wa zama hizi wahoji mipaka ya madaraka ya mtawala wao kilikuwa ni mkataba: karatasi moja ambayo mtawala aliitia saini faraghani, na kwa saini hiyo mgeni akapewa haki juu ya mali ambayo watu waliijua kuwa ni yao wote.

Iran ndiko jambo hili lilikoonekana waziwazi zaidi. Mwezi Machi 1890 mfalme wa nchi hiyo, Shah Naser al-Din, alimpa Mwingereza mmoja, Meja Talbot, haki ya pekee ya kununua, kuuza na kusafirisha tumbaku yote ya Iran. Mkulima aliyeilima na mfanyabiashara aliyeiuza waliamka asubuhi wakiwa vibarua wa kampuni. Desemba 1891 ikatangazwa fatwa, yaani jibu la kisheria la mwanazuoni, kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, mkuu wa wanazuoni wa Kishia aliyekuwa akiishi Samarra, ikiharamisha matumizi ya tumbaku kwa muda wote ambao hali hiyo ingeendelea. Watu wakaacha kuvuta, na hata ndani ya jumba la Shah mwenyewe inasimuliwa kuwa viko viliwekwa kando. Januari 1892 Shah akaufuta mkataba, na kwa kuwa alikuwa ameufunga bila kufikiri namna ya kuufungua, akajikuta akilipa fidia ya pauni 500,000, fedha ambazo ilibidi azikope. Miaka 14 baadaye, mwaka 1906, Wairani walipata katiba yao ya kwanza. Miongoni mwa walioitetea katiba hiyo kwa hoja za dini alikuwa Muhammad Husayn Na'ini, ambaye mwaka 1909 aliandika kwamba serikali ni za aina mbili tu: ile ambayo mtawala huiona nchi kuwa milki yake, na ile ambayo yeye ni msimamizi aliyekabidhiwa, mfano wa mtu anayesimamia wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya manufaa ya watu, ambaye hana ruhusa ya kuiuza wala kuitoa zawadi na anayepaswa kutoa hesabu. Na'ini hakuhitaji kuazima neno Ulaya. Kila mji wa Kiislamu ulikuwa na wakfu, na kila mtu alimjua msimamizi aliyekula mali ya wakfu.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuona mambo ya namna hiyo miaka michache kabla ya mkataba wa tumbaku, ingawa haikupata katiba kwayo. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha Mrima, yaani pwani ya bara iliyokuwa chini ya bendera yake, kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa muda wa miaka 50, pamoja na haki ya kutoza ushuru bandarini. Hakuna mkaazi wa Pangani wala Bagamoyo aliyeulizwa. Ilipofika Agosti, watumishi wa kampuni walipokuja kupandisha bendera yao, pwani iliwaka moto, na Abushiri bin Salim al-Harthi, mtu wa Pangani, akawa kiongozi wa vita ambayo vitabu vya Wajerumani viliiita uasi wa Waarabu, japokuwa waliopigana walikuwa Waswahili, Wazigua na wengine wa kila namna. Abushiri alinyongwa Desemba 1889, na mwaka uliofuata Ujerumani ikainunua pwani hiyo moja kwa moja kwa marki milioni 4. Somo la kisiasa la vita hiyo ni kwamba watu wa Mrima hawakukataa kuwa Khalifa ni Sultani. Walikataa kwamba kuwa Sultani kunampa mtu haki ya kukodisha nchi.

Inafaa kutaja haya kwanza kwa sababu Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita havikuwa mbali na Mrima kama ramani inavyoonyesha. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani ilifika Tabora, na kutoka Tabora njia zilipanda kaskazini kuingia Usumbwa na Usukuma. Uislamu wa Kahama na Shinyanga ulikwenda kwa miguu kwa njia hizo, ukiwa umebebwa na wafanyabiashara na wapagazi. Waislamu wa huko hawakuwahi kuwa wengi kuwashinda wenzao, na nchi wanamoishi, kwa mujibu wa Katiba yake, haifuati dini yoyote. Kwa hiyo swali linalofuata si la kutaka sheria za Kiislamu zitawale migodi. Ni swali la raia Mwislamu anayetaka kujua dini yake inamwambia nini juu ya mali iliyo chini ya miguu yake, na kama linalosemwa na dini hiyo linaweza kumfaa pia jirani yake asiyeifuata.

Kisa ambacho wanazuoni wa sheria hukijengea mlango mzima wa madini kimo katika vitabu vya hadithi vya Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Mtu wa Yemen aitwaye Abyad bin Hammal alimwendea Mtume Muhammad akamwomba ampe chumvi ya Ma'rib, yaani eneo la chumvi lililokuwa katika nchi yake, naye akapewa. Utoaji wa namna hii huitwa iktaa: mtawala humkatia mtu sehemu ya ardhi au mali isiyo na mwenyewe ili aifanyie kazi. Abyad alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwa barazani akamuuliza Mtume kama anajua alichompa mtu yule, akaeleza kuwa chumvi ile ni kama maji ya chemchemi yasiyokatika, ambayo kila apitaye huyachota bila taabu. Mtume akaurudisha utoaji ule. Katika mapokezi ya Ibn Majah imeongezwa kuwa Abyad, baada ya kukubali kuiachia chumvi, alipewa mahali pake ardhi yenye mitende.

Mambo matatu yamo katika kisa hiki kifupi, na wengi hulisoma la kwanza tu. La kwanza ni hukumu yenyewe: mali ambayo manufaa yake ni ya umma na ambayo hupatikana bila kazi kubwa haifai kufungiwa mtu mmoja. La pili ni kwamba utoaji ulirudishwa baada ya kukamilika, kwa sababu habari iliyokuwa haijulikani wakati wa kutoa ilijulikana baadaye, na urudishaji huo haukuhesabiwa kuwa ni kuvunja ahadi, ila uliambatana na badala kwa aliyerudisha. La tatu, ambalo kwa maoni ya makala hii ndilo zito kuliko yote, ni kwamba utoaji ulifanyika mbele ya watu, na mtu mmoja tu kati yao, asiye na cheo chochote katika kisa hicho, aliweza kumuuliza mtoaji kama anajua alichotoa. Swali lake halikuhesabiwa kuwa ni utovu wa adabu. Utoaji ungekuwa umefanyika faraghani, chumvi ingekwenda.

Wanazuoni wa baadaye waliligawa somo hili kwa uangalifu ambao hauna budi kuelezwa, kwa kuwa dhahabu si chumvi. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058 na ambaye kitabu chake juu ya hukumu za utawala kimekuwa rejeo la kila aliyeandika baada yake, aliyatenga madini ya dhahiri na madini ya batini. Ya dhahiri ni yale yaliyo wazi, kama chumvi, lami na mafuta yanayobubujika, na hayo hayatolewi iktaa kwa yeyote. Ya batini ni yale yaliyofichika ndani ya udongo na mwamba, ambayo hayafikiwi ila kwa kazi: dhahabu, fedha, shaba, chuma. Kuhusu haya ya pili walikhitilafiana. Wafuasi wa Imamu Malik walisema kwa ujumla kuwa machimbo yako chini ya uamuzi wa mtawala, aangalie maslaha, yaani manufaa ya wote, hata yakionekana ndani ya ardhi ya mtu. Wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika Waislamu wa Afrika Mashariki, wana kauli ambayo al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliiweka katika Minhaj, kitabu ambacho madrasa za pwani na bara zimekisomesha kizazi baada ya kizazi: kuchimba na kufanya kazi katika madini ya batini hakumfanyi mchimbaji awe mmiliki wa machimbo yenyewe, ijapokuwa anachokitoa ni chake. Mtawala anaweza kumpa mtu haki ya kuyatumia, si kummilikisha; na aliyetangulia kufika ana haki kuliko aliyechelewa, kwa kadiri ya haja yake, ila akitaka kukaa na kujilimbikizia zaidi ya haja hiyo huondolewa ili wengine nao wapate.

Kwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mwakitolyo lugha hii haina ugeni. Yeye anajua kuwa duara, yaani shimo alilochimba yeye na wenzake, si kiwanja cha kurithisha watoto. Anajua kuwa mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana mifuko ya mbale, yaani mawe yenye dhahabu, kabla hayajapelekwa kwenye karasha kusagwa. Na anajua kwamba dhahabu ikitoka mahali, wakafika watu kwa mamia katika juma moja, swali la kwanza huwa ni nani alitangulia. Sheria ya kitabu na desturi ya machimboni zimekutana katika kanuni ya utangulizi. (Zinapoachana ni katika ufadhili: mfadhili anayewalisha wachimbaji kwa miezi na kulipwa kwa dhahabu isiyotoka bado, kwa bei aliyoipanga mwenyewe, ameingia katika mlango wa riba, kwa kuwa dhahabu na fedha haziuziani ila mkono kwa mkono, na hilo linahitaji makala yake.)

Lakini mpaka kati ya dhahiri na batini hauko katika madini yenyewe. Uko katika kazi, na kazi hubadilika kwa zama. Illa, yaani sababu ambayo hukumu imejengwa juu yake, ni kwamba chumvi ya Ma'rib ilijulikana ilipo, ilijulikana ni nyingi, na kuipata hakukuhitaji mtu aweke mali yake hatarini. Mwanajiolojia akishapima mwamba kwa mashine ya kutoboa, akajua kwa hesabu ni wakia ngapi zimo na kwa kina gani, dhahabu ile haijawa chumvi, kwa sababu bado inahitaji mtaji na kazi, lakini imepoteza nusu ya siri yake. Mtawala anayeitoa hawezi tena kusema kuwa hakujua anachotoa. Akitoa bila kuuliza kilichomo, au akijua na kuwaficha wenye mali, amefanya kosa ambalo kisa cha Abyad kiliwekwa kulizuia.

Ndipo historia ya Kahama inapoingia. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, waliondolewa kwa amri ya Serikali ili kuipisha kampuni. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ikafuata, ikiweka mrabaha, yaani malipo ya Serikali kutokana na thamani ya madini yanayotolewa, wa asilimia 3 kwa dhahabu, na ikimruhusu waziri kufunga na kampuni mikataba ya uendelezaji ambayo masharti yake yalikuwa siri. Mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Sera ya wakati ule ilikuwa na hoja yake: nchi haikuwa na mtaji, bei ya dhahabu ilikuwa chini, na mwekezaji alihitaji kuvutwa. Hoja ya usiri haikuwapo. Al-Mawardi angeweza kukubali kwamba dhahabu ya batini itolewe kwa mwenye uwezo wa kuichimba, lakini hakuna mwanazuoni wa madhehebu yoyote aliyesema kuwa umma usijue imetolewa kwa masharti gani.

Februari 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliopo kilomita chache tu kutoka mjini Kahama, ulitiwa saini London. Agosti mwaka huo Zitto Kabwe, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, alisimama bungeni Dodoma akataka iundwe kamati ya kuchunguza kwa nini mkataba ulisainiwa ng'ambo na kwa haraka ilhali Serikali ilikuwa imesema inaipitia upya mikataba yote ya madini. Swali lake, likivuliwa maneno ya kibunge, lilikuwa lile lile la mtu wa barazani: je, mnajua mlichompa? Bunge lilimsimamisha kwa miezi kadhaa, likidai kuwa alisema uongo. Nchi nzima ikaanza kuzungumza juu ya mrabaha, neno ambalo hadi hapo lilikuwa la wanasheria. Kabla mwaka haujaisha Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto mwenyewe akawa mmoja wa wajumbe wake. Taarifa ya kamati hiyo ya mwaka 2008 ilizaa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4. Mwenye kutaka mfano wa mageuzi ya siasa yaliyozaliwa na swali moja kuhusu mkataba hana haja ya kwenda Tehran.

Sheria za mwaka 2017 zilikwenda mbali zaidi. Baada ya Serikali kuzuia mwezi Machi usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliokuwa ukipelekwa kuyeyushwa nje, na baada ya taarifa za kamati mbili, moja ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine ya Profesa Nehemiah Osoro, Bunge lilipitisha sheria zinazotamka kwamba utajiri wa asili ni wa watu, kwamba Rais ameushika kwa dhamana kwa niaba yao, na kwamba Bunge linaweza kuagiza masharti mabaya ya mkataba yajadiliwe upya. Mrabaha ukafika asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na Serikali ikapata haki ya kuwa na hisa zisizopungua asilimia 16 katika kila mgodi mkubwa bila kuzilipia. Makubaliano na kampuni ya madini ya Barrick, yaliyotiwa saini Januari 2020, yalizaa kampuni ya Twiga Minerals ambamo Serikali ina asilimia 16.

Msomaji wa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, akiisoma sheria ya 2017 hujiona yuko nyumbani. Neno dhamana ni amana ile ile. Rais aliyekabidhiwa ni msimamizi wa wakfu wa Na'ini. Mamlaka ya kujadili upya masharti mabaya ni kurudishwa kwa chumvi ya Ma'rib. Hata kufutwa kwa leseni za kushikilia maeneo, yaani leseni zilizomruhusu mtu kukalia ardhi yenye madini bila kuchimba akisubiri bei, kuna mfano wake wa kale: Khalifa Umar alimnyang'anya Bilal bin al-Harith sehemu ya ardhi aliyopewa na Mtume ambayo hakuweza kuifanyia kazi, akimwambia kwamba hakupewa ili awazuilie watu.

Hata hivyo kisa cha Ma'rib kina pande tatu, na Dodoma ya mwaka 2017 iliufuata upande mmoja vizuri, ikaukosa mwingine nusu, na ikaukosa wa tatu karibu wote. Badala aliyopewa Abyad ilisahauliwa. Leseni za kushikilia maeneo zilifutwa kwa kanuni ya Januari 2018 bila malipo. Wenye leseni wakaenda kwenye mahakama za usuluhishi za nje, na katika shauri moja tu, la mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Serikali ilikubali mwaka 2024 kulipa dola milioni 90. Shah Naser al-Din angeielewa Serikali hiyo. Mwenye kurejesha mali ya umma kwa haki hushauriwa aanze kwa kukadiria fidia mwenyewe, maana asipofanya hivyo atakadiriwa na wengine. Na shura, iliyokuwa roho ya kisa chote, ilibanwa: miswada mizito kuliko yote katika historia ya madini ya nchi ilipelekwa bungeni kwa hati ya dharura na kupitishwa ndani ya siku chache, na wabunge waliohoji walionekana kama watetezi wa wageni. Lengo lilikuwa sahihi. Njia ilikuwa ya mtawala anayerudisha chumvi bila kutaka kuulizwa.

Jambo hili si dogo, kwa sababu nchi nyingi za Kiislamu zimeonyesha linakoelekea. Iran chini ya waziri mkuu Mosaddegh ilitaifisha mafuta mwaka 1951, Algeria mwaka 1971, Iraq mwaka 1972. Katika hoja ya umiliki zote zilikuwa na haki, na baadhi ya wanazuoni waliiunga mkono hoja hiyo. Muhammad Baqir al-Sadr wa Iraq, katika kitabu chake cha uchumi cha mwaka 1961, alikuwa amekwisha kujenga nadharia kamili ya kwamba madini ya aina zote ni ya umma. Lakini al-Sadr huyo huyo aliuawa mwaka 1980 na serikali iliyokuwa imetaifisha mafuta kwa jina la umma. Mtawala anayepata fedha kutoka ardhini hana haja kubwa ya kodi ya watu, na asiye na haja ya kodi yao hana haja ya ridhaa yao. Kauli ya Kimaliki kwamba machimbo ni ya imamu, yaani mtawala, ikichukuliwa bila sharti la maslaha na bila baraza la kumuuliza imamu, humgeuza kutoka msimamizi wa wakfu kuwa mwenye nyumba.

Udhaifu huu ni wa fikihi pia, na haifai kuufunika kwa heshima. Wanazuoni walieleza kwa kina nini mtawala asitoe, lakini hawakuunda chombo cha kumzuia akitoa. Walitegemea uchaji wake na ujasiri wa mtu wa barazani. Dola za kisasa zimeunda vyombo, yaani bunge, mkaguzi wa hesabu, mahakama na magazeti. Anayesema kuwa Uislamu hauhitaji vyombo hivyo kwa sababu unayo shura anatakiwa aeleze shura hiyo ilikutana lini na ilimzuia nani. Wasukuma, ambao wengi wao hawakuwa Waislamu, walikuwa na banang'oma, baraza la wakuu lililomweka mtemi na ambalo liliweza kumwondoa. Kwa upande huo mmoja walikuwa na zaidi ya walichokuwa nacho Sultani Khalifa na raia zake.

Kwa hiyo mageuzi yanayofaa kuzungumzwa misikitini na nje ya misikiti ya Kahama, Shinyanga na Geita si yale ya kuchagua kati ya kitabu cha kale na sheria mpya. Sheria mpya tayari imesema lililosemwa na kitabu. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, yaani madini, mafuta na gesi, ya mwaka 2015 imeagiza mikataba iwekwe wazi kwa umma, na hilo ni baraza la Ma'rib kwa lugha ya Dodoma. Sheria ya Madini inataka mipango ya migodi ya kuhudumia jamii ikubaliwe na halmashauri, na halmashauri ina madiwani waliochaguliwa. Soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, la kwanza la aina yake nchini, limemwezesha mchimbaji mdogo kujua bei ya siku badala ya kuambiwa na dalali. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza dhahabu nje wametakiwa watenge angalau asilimia 20 ya dhahabu yao ili Benki Kuu iinunue. Moja ya tano hiyo, ambayo ni kadiri ile ile ya khumsi ambayo wafuasi wa Abu Hanifa waliiweka juu ya madini, hununuliwa kwa fedha wala haichukuliwi bure, na ni vyema wahubiri wasizichanganye.

Hata mgogoro wa magwangala, yale mawe ya mabaki ambayo wakaazi wa Geita walidai kwa miaka wapewe wayasage upya, na ambayo mwaka 2016 yaliamriwa wapewe, ulikuwa ni somo la fikihi lililofundishwa barabarani. Watu walisema kuwa mwenye mgodi amekwisha kuchukua haja yake, na kilichobaki ni cha aliye karibu. Hawakuwa wamesoma Minhaj.

Walimu wa madrasa wanaoufikia mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, ambamo ndimo madini yamewekwa, wana desturi ya kuupita upesi kwa kudhani kuwa hauna kazi tena, na kurefusha milango ya tohara ambayo wanafunzi wanaijua tangu utotoni. Waurefushe huo. Wausome pamoja na Sheria ya 2015, wakiwa na nakala ya mkataba wa mgodi ulio karibu nao, na wakiikosa nakala hiyo waiombe kwa maandishi, kwa jina la kijiji, wakiwa na jirani Mkristo na jirani wa dini ya jadi. Uzalishaji wa dhahabu wa Buzwagi ulikoma mwaka 2021, miaka 14 baada ya saini ya London, na shimo lake kubwa bado linaonekana karibu na barabara ya kwenda Kahama mjini.